Nipe Mji

Mashine ililetwa Kibuye kwa mkokoteni, imelazwa chali kati ya friji lisilo na mlango na magunia mawili ya nyaya. Muuza vyuma chakavu hakujua anauza nini, aliitaka bei ya mabati tu. Fundi ambaye mimi hushinda kwake, na ambaye nitamwita Jaduong' kwa sababu kila mtu hapa humwita hivyo, aliizunguka mara moja, akaigonga ubavuni, akalipa. Kisha akanigeukia.

"Nyathina, si wewe uliacha shule kwa sababu ya hii kitu? Njoo tuifungue."

Hakuwa amekosea sana. Yangu ilikuwa ya simu, nitafika huko. Lakini ya mkokoteni niliijua vizuri. Kama ulikulia Kenya na ulikuwa na macho kati ya 2016 na 2018, unaijua pia: kabati la mbao linalofika kifuani, kioo chenye picha za matunda, taa zinazokimbia kwa duara, vitufe vinane chini, na mdomo mwembamba wa kumeza sarafu ya 20. Ilikaa kando ya kinyozi, nyuma ya duka la M-Pesa, na kwa fuo zetu za ziwa ilikaa palepale omena huteremshwa asubuhi, mahali ambapo wavuvi hulipwa pesa taslimu kabla hawajalala. Nyingi zilitoka China, kwa hivyo sisi tuliziita tu mashine za Wachina. Watanzania wana jina tamu zaidi, dubwi.

Mambo mengi yalisemwa kuhusu mashine hizo. Wahubiri walizilaani. Mwaka wa 2018 Fred Matiang'i, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alisimamia msako mkubwa, na kwenye taarifa za saa moja tukaziona zikivunjwa na kuchomwa. Sina shida na msako. Niliona watoto wenye sare za shule wakiweka nauli humo. Shida yangu ni nyingine: kitu kilikaa kwenye vijiji vyetu miaka kadhaa, kikasomwa na maelfu ya watu kila siku kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili, na hakuna mtu aliyekaa chini akakihakiki. Tulikicheza, kisha tukakichoma. Basi hii ni tahakiki, imechelewa lakini imefika.

Tuanze na kioo, kwa sababu ndicho ukurasa wa kwanza.

Ya Jaduong' ilikuwa imepasuka kona moja lakini picha zilisomeka. Vyumba 24 vimepangwa kwenye mzunguko wa mraba. Kuna tufaha, chungwa, embe, kengele, tikiti maji, nyota, namba 77, na neno BAR. Kila picha ina malipo yake: tufaha mara 5, chungwa mara 10, na kuendelea hadi BAR, ambayo ina vyumba viwili, kimoja mara 50 na kingine mara 100. Unaweka sarafu, unabonyeza kitufe cha picha unayoitaka, taa inaanza kukimbia. Inakimbia haraka, inapunguza mwendo, inanyata chumba kwa chumba kama paka, inasimama.

Kama kazi ya sanaa, hapa lazima nitoe sifa. Ule mwendo wa kupungua umetungwa na mtu anayejua kusimulia. Taa ikipita BAR na kusimama chumba kimoja mbele, kifua chako kinabana kana kwamba nusura upate. Hata muziki wake, ule mlio mwembamba unaopanda ngazi, unakatika palepale ambapo msimuliaji mzuri angekata. Nilisoma Kiswahili na Fasihi kwa miaka miwili kabla ya kuacha, na hakuna mhadhara uliowahi kunieleza taharuki vizuri kuliko zile sekunde chache.

Lakini umbo lake halisi, ukiniuliza, ni kitendawili. Unakumbuka utaratibu. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!" Ukishindwa kutegua, anayetega anakuambia "Nipe mji." Unampa Mombasa, au Kisumu, au Kampala. Anauchukua mji wako, anaenda huko, anakula na kunywa, anajisifu kidogo. Kisha, na hii ndiyo sheria, anakupa jibu. Ndiyo sababu mchezo unaweza kuendelea usiku kucha bila ugomvi. Umepoteza mji lakini umepata jibu, na kesho utawatega wengine kwa kitendawili kilekile.

Mashine inatega vizuri. Inachukua mji. Haitoi jibu hata siku moja.

Jaduong' aliifungua mgongo kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na mende waliokufa, sarafu mbili za 20 zenye sura ya Mzee Kenyatta, zile za kabla ya ndovu, na bodi moja ya saketi isiyozidi upana wa daftari. Nilishangaa jinsi kulivyokuwa kutupu. Kabati lote lile na karibu lote ni hewa. Hakuna gurudumu, hakuna springi, hakuna kitu kinachozunguka. Taa ndizo huzunguka, na taa hazina uzito wala kasi. Zinawaka pale bodi inapoziambia.

"Sasa angalia," akasema. "Watu walidhani taa inakimbia halafu inachoka. Haichoki. Hii bodi inachagua kwanza. Ikishachagua, ndiyo inakimbiza taa mpaka pale."

Kwa maneno yetu ya darasani: mwisho uliandikwa kabla ya mwanzo. Ile taharuki yote ni mapambo. Kwenye bodi kulikuwa na swichi ndogo nane, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, na kwa hizo mwenye mashine anaweza kupanga jinsi mambo yatakavyokwenda, kwa mfano ukarimu wake. Mchezaji anasimama mbele ya kioo akisali. Mwenye mashine ana swichi nane mgongoni.

Hapo nikaketi kwenye debe nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya nikiwa na miaka 16. Vyumba ni 24. Tuseme taa ni ya haki, kila chumba kina nafasi sawa. Weka shilingi moja kwa BAR mara 24. Utakuwa umetoa shilingi 24. Kwa wastani taa itasimama mara moja kwenye BAR ya 100 na mara moja kwenye BAR ya 50. Utapokea shilingi 150. Yaani kama kioo kinasema kweli, yeyote anayeweka BAR tu angemfilisi mwenye mashine kabla ya chakula cha mchana.

Hakuna aliyemfilisi. Kwa hivyo kioo kilikuwa kinadanganya, na ushahidi wa uongo wake ulikuwa umechapishwa juu ya kioo chenyewe, kwa rangi, mbele ya kila mtu. Ni hesabu ya darasa la sita. Nilifundishwa kuhesabu mizani 16 za mshororo wa shairi, nikifumba macho, kwa vidole. Vyumba 24 sikuwahi kuvihesabu.

Mashine hizi hazikuwa hivi siku zote, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayetaka kuzikarabati. Fundi mmoja wa San Francisco, Charles Fey, ndiye huhesabiwa kuwa baba yao. Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliunda Liberty Bell, kisanduku cha chuma chenye magurudumu matatu, kila moja na alama kumi. Mara kumi, mara kumi, mara kumi: njia 1,000 za kusimama. Bahati ile ilikuwa mbaya lakini ilikuwa na mipaka. Ukifungua mlango, ungeona magurudumu, ungehesabu alama, ungejua umesimama wapi.

Matunda yalikuja baadaye kidogo kwa njia ya ujanja. Sheria za Marekani zilipobana kamari, watengenezaji waligeuza mashine zao ziwe za kuuza chingamu. Matunda yalikuwa ladha, na ile BAR inatokana na nembo ya kampuni ya chingamu. Nilipojifunza hilo nilicheka peke yangu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mvuvi wa ufuo wetu anabonyeza BAR akiomba karo ya mtoto, na neno lenyewe ni tangazo la peremende lililopotea njia.

Hata kuchoma si jambo jipya. Mwaka wa 1934 meya wa New York, Fiorello LaGuardia, alipigwa picha akiziponda mashine za kamari kwa nyundo, na nyingi zikatupwa majini. Zile zilizoponea Marekani na Uingereza leo zinakarabatiwa na wazee wenye subira ya ajabu. Nimetazama video zao usiku mwingi, pesa za bando zikiisha. Mtu anatoa springi moja moja, anaisugua kutu, anaipaka mafuta, anairudisha. Ukiwauliza wanachokipenda hawataji kamari. Wanapenda saa kubwa iliyo ndani, ule mkono unaovutwa na meno ya chuma yanayoshikana. Kile walichorudishia uhai unaweza kukiona kikifanya kazi.

Kisha kukaja mwaka wa 1984. Mhandisi aliyezaliwa Norwei, Inge Telnaes, alipewa hataza Marekani kwa wazo la kuacha kompyuta ichague namba kutoka kwenye orodha ndefu kuliko alama zilizo kwenye gurudumu, kisha gurudumu lisimamishwe panapofaa. Tangu hapo unachokiona na kinachotokea vilitengana. Dubwi letu ni mjukuu wa wazo hilo, mjukuu wa bei rahisi, asiye hata na gurudumu la kujifanyia.

Kwa hivyo swali la Jaduong' lilikuwa gumu kuliko lilivyosikika. Aliuliza, huku akipima umeme kwa mita: "Tunairudisha ifanye nini?" Ukiikarabati kikamilifu, iwake, iimbe, ile sarafu, umekarabati uongo pia. Ukiiacha imekufa, inabaki samani mbovu.

Ilituchukua wiki tatu. Kifaa cha kugawa umeme kilikuwa kimeungua, akatoa kingine kwenye redio ya gari. Nyaya za taa zililiwa na panya, tukazilehemu upya, mimi nikishika tochi na kuunguza vidole. Kioo tukakibandika kwa nyuma. Jaduong' alianza ufundi na karabai za wavuvi, zile taa za mafuta za kuvutia omena usiku, kabla watu hawajahamia za betri na sola. Alifanya kazi hii kwa namna ileile, bila chuki na bila upendo. Halafu akaamua mambo mawili. Mdomo wa sarafu akauziba kwa bati na kuulehemu, ili isiweze tena kuitwa kamari, na akaweka kitufe kimoja kinachojaza alama bure. Na mgongoni, badala ya mbao, akaweka kipande cha plastiki angavu. Juu ya zile swichi nane akaandika kwa wino mweupe: HAPA.

Siku ilipowaka, watoto wa sokoni walijaa. Walipiga mayowe. Walibonyeza BAR, walibonyeza tikiti maji, walisukumana. Mimi nikasimama pembeni na hofu ya kweli, nikifikiri tumefufua jini.

Hazikupita dakika kumi. Mmoja akatoka, wa pili akatoka, mwishowe wote wakarudi kwenye mpira wao wa makaratasi. Taa iliendelea kukimbia yenyewe na hakuna aliyeangalia.

Hapo ndipo niliposhika uamuzi wangu kama mhakiki, na nausimamia. Kama mchezo, hii ni kazi dhaifu sana. Haina ujuzi wa kukuza, haina hadithi, haina mshindani. Bao inakupa haya yote kwa kete na ubao wa mashimo. Ondoa pesa kwenye bao, watu watacheza mpaka jua lizame. Ondoa pesa kwenye dubwi, halichezeki. Taharuki niliyoisifu pale mwanzo haikuwa ya mashine, ilikuwa mali yangu. Niliileta mfukoni pamoja na ile 20, nikaiweka ndani, ikanirudishia kwa taa na muziki, nami nikaishukuru.

Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alikaa miaka mingi na wachezaji wa Las Vegas na mwaka wa 2012 akatoa kitabu, Addiction by Design. Anaonyesha kwamba wengi waliozama hawachezi ili washinde. Wanacheza ili wabaki mle ndani, mahali ambapo dunia imezimwa, na pesa ni mafuta tu ya kuendelea kubaki. Nilimwamini kwa sababu nimewahi kuwa mle.

Ilikuwa hosteli, mwaka wa pili, muhula wa pili. Mama yangu huuza omena. Alikuwa ametuma elfu ishirini na nane ya karo, pesa iliyopimwa kwa gorogoro, moja moja. Nilikuwa na mpango wa kuongeza kidogo. Kile kindege chekundu cha kwenye simu kinapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe pesa yako kabla hakijatoweka. Kufikia saa kumi za usiku sikuwa na hamu ya kushinda, nilikuwa naogopa tu kusimama, kwa sababu nikisimama itakuwa asubuhi. Ilipofika asubuhi nilikuwa na shilingi 41. Nikaambia nyumbani kwamba nimeahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa.

Sasa linganisha kazi hizo mbili. Dubwi la kijijini lilikuwa na sarafu. Ilikuwa na uzito, ililia ikianguka, na mfuko uliokuwa mzito ukawa mwepesi. Lilikuwa mahali fulani, kwa hivyo mtu alikuona, shangazi akapita, mwalimu akapita. Lilikuwa na mgongo, na mgongo una skurubu. Ya simu haina chochote kati ya hivyo. M-Pesa haina mlio wa kuanguka. Uko peke yako chini ya blanketi.

Aviator ilipotolewa mwaka wa 2019 na kampuni ya Spribe, ilikuja na maneno mazuri: kwamba kila raundi inaweza kuthibitishwa kwa msimbo, na kwamba hurudisha asilimia 97. Sawa, tuchukue maneno yao. Asilimia 97 inasikika kama ukarimu. Lakini mtu aliye mle ndani hachezi mara moja. Anarudisha kile alichopata. Rudisha chote raundi 23 na kwa wastani kilichobaki ni chini ya nusu. Raundi 23 ni dakika chache. Uthibitisho wa msimbo unakuambia kwamba hukuibiwa kwenye raundi moja. Haukuelezi usiku mzima.

Ndiyo maana nasema moto wa 2018 haukutusaidia kama tulivyodhani. Tulichoma nakala zilizokuwa rahisi kusomeka. Mwaka uliofuata serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi za kamari, SportPesa ikiwemo, na bado, miaka michache baadaye, kila mtu kwenye matatu ya Kondele ana kindege mfukoni. Kama kila shule ingekuwa na dubwi moja lenye mgongo wazi, na mwalimu wa hesabu akauliza darasa swali la 24 na 150, huenda tungeingia kwenye simu tukiwa na macho.

Mama alipita Kibuye Jumamosi moja, karai kichwani. Soko ni moja, ningefichaje. Aliiona mashine, akatua karai, akamsalimu Jaduong', akauliza inafanyaje. Jaduong' akanitazama mimi. Basi nikaeleza. Nikamwonyesha vyumba, nikamfanyia hesabu, nikamzungusha nyuma nikamwonyesha swichi na ile HAPA. Nilieleza vizuri, kama mwalimu ambaye nilitakiwa niwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mtu akipima gorogoro mahali sioni," akasema, "sinunui."

Kisha akanyamaza kidogo, akiangalia taa ikikimbia.

"Na wewe hii yote ulijua lini?"

Kitendawili. Tega. Nilimpa mji wangu pale pale, kati ya redio mbovu na magunia, nikianza na elfu ishirini na nane. Jaduong' alichomoa waya ukutani, mlio ukakatika, akaondoka kwenda kutafuta chai.